Maneno ya kutafutia kwa tovuti ya Kiswahili: Keyword Planner, Trends, Search Console au vya kulipia?

Tuchukue biashara moja na tuing'ang'anie hadi mwisho. Mtu wa Morogoro anauza vifaranga vya siku moja, mashine za kutotolesha mayai na vyombo vya maji na chakula cha kuku. Tovuti anayo, au yuko mbioni kuifungua. Anataka kujua wateja huandika nini Google wanapotafuta anachouza, ili kurasa zake zibebe maneno hayo hayo na si yale aliyoyabuni yeye akiwa ameketi dukani.

Vyombo vya kumsaidia ni vingi, na kila mwenye kufundisha chombo chake huapa kwamba ndicho chenyewe. Ukweli ni kwamba havifanyi kazi moja, na karibu vyote vilitengenezwa kwa kukitazama Kiingereza. Kiswahili kilipanda baadaye, kama abiria wa kusimama. Kwa hiyo sifa nyingi utakazosoma kuhusu chombo fulani ni sifa za kile kinachofanya kwa Kiingereza. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa tovuti ya Kiswahili, maneno yatoke kwa watu, namba zitoke Search Console (chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyoifanya itokee kwenye utafutaji), na vingine vyote viitwe tu pale unapokuwa na swali mahususi la kukiuliza kila kimoja.

Jambo moja la kuokoa fedha kabla hatujaanza. Bado wapo mafundi wa tovuti wanaotoza hela kwa kazi ya "kuingiza keywords", yaani kupachika orodha ya maneno ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba lebo ile ya orodha (meta keywords) haiitumii kabisa kupanga matokeo ya utafutaji. Neno likufae, sharti liwe pale msomaji anapolisoma: kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye aya za mwanzo, kwenye maelezo ya picha.

WhatsApp ya duka dhidi ya mapendekezo ya Google

Hivi viwili ni vya bure na havihitaji akaunti mpya. Anza navyo hata kama tovuti haijazaliwa.

Fungua simu ya biashara usome ujumbe wa wateja wa miezi michache iliyopita. Utakutana na mambo ya namna hii:

"Kaka habari, mashine ya mayai 56 bei gani na inatumia sola?"

"Samahani dada, mna vifaranga wa kroila wa wiki mbili?"

"Boss incubeta ya mayai 100 mnatuma mpaka Kahama?"

Jumbe tatu tu, na tayari kuna kazi. Mteja hatafuti mashine, anatafuta mashine ya mayai 56, kwa hiyo ukubwa huo unastahili ukurasa wake wenye bei yake. Anajali sola, jambo ambalo muuzaji mwenye umeme wa uhakika husahau kuliandika. Anataja mji wake. Na kifaa kimoja kina majina mengi: mashine ya kutotolesha, ya kutotoleshea, ya kuangulia, incubator, incubeta, inkubeta. Vifaranga vya kroila, aina ya kuku, navyo ni "vifaranga vya kroila" kwa mwenye kufuata ngeli ya KI-VI na "vifaranga wa kroila" kwa anayewahesabu kuwa viumbe hai. Wote wawili wana hela mkononi. Usikae kuamua nani amekosea sarufi.

Mapendekezo ya Google ni yale maneno yanayoshuka chini ya kisanduku unapoanza kuandika. Google inaeleza kwamba hutokana na utafutaji halisi, yakizingatia lugha, mahali ulipo na mambo uliyowahi kutafuta mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo la kuliangalia: muuza kuku aliyeshinda mwezi mzima akitafuta habari za kuku ataletewa historia yake mwenyewe akidhani ni soko. Tumia dirisha la faragha (incognito), ukiwa umetoka kwenye akaunti yako.

Yanakamuliwa hivi. Andika "vifaranga vya" kisha acha nafasi, usome. Ongeza herufi moja moja: b, ch, k, m, s. Rudia yote kwa "vifaranga wa". Halafu andika "bei ya mashine ya", "jinsi ya kufuga", "ratiba ya chanjo", na ile ninayoipenda kuliko zote, "kuku wangu", kwa sababu mfugaji mwenye shida huanza na kuku wake na si na jina la ugonjwa.

Kuna kasoro moja ambayo vitabu vya Kiingereza havitakuambia, kwa kuwa kwao haipo. Mwingereza huanza swali na neno la kuuliza. Sisi kwa kawaida tunaliweka mwishoni: mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku ngapi, mashine ya kutotolesha inauzwa wapi, kroila anaanza kutaga akiwa na miezi mingapi. Kwa hiyo ukiandika "wapi" au "ngapi" ukingoja orodha ya maswali, utapata kidogo sana. Lazima wewe mwenyewe uanzishe sentensi kutoka mwanzo. Hii ndiyo sababu pia vyombo kama AnswerThePublic, ambacho huyapanga mapendekezo kwa maneno ya kuuliza, havikupi kwa Kiswahili ile picha inayovutia unayoiona kwenye video za mafunzo. Sitakirudia tena hapa.

Kati ya WhatsApp na mapendekezo, kipi? WhatsApp inakuonyesha waliokwisha kukufikia, tena wengi wao ni wanunuzi. Mapendekezo yanakuonyesha wageni, na ndani yao wamo wanafunzi wenye kazi ya shule na vijana wanaotaka kujiundia mashine kwa boksi, balbu na sahani ya maji. Mwenye muda mchache aanze na WhatsApp. Ambaye hana mteja hata mmoja bado hana uchaguzi, mapendekezo ndiyo mlango wake. Hakuna kati ya hivi viwili kinachokwambia ni watu wangapi, na hapo ndipo watu hukimbilia Planner.

Planner dhidi ya Trends

Google Keyword Planner imo ndani ya Google Ads tangu 2013. Hailipiwi, ila lazima ufungue akaunti ya matangazo, na wakati wa kuifungua utasukumwa utengeneze tangazo papo hapo. Ukishaingia, unaandika neno, unachagua nchi, unapata wastani wa utafutaji kwa mwezi. Asiyetumia fedha kwenye matangazo kwa kawaida hapewi namba kamili, anapewa makapu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Neno linalotafutwa mara 120 na linalotafutwa mara 950 yanakaa kapu moja. Kwa duka la Marekani linalochagua kati ya maneno ya maelfu kwa maelfu, hiyo ni kero ndogo. Kwako wewe wa Morogoro, tofauti kati ya 120 na 950 ndiyo tofauti yenyewe uliyokuwa ukiitafuta.

Halafu kuna safu ya ushindani, inayosomwa vibaya kila siku. Inaposema ushindani ni mdogo haina maana kwamba ni rahisi kushika nafasi ya kwanza. Inaongelea watangazaji wangapi wanalilipia neno hilo, basi. Safu ya kuangalia ni ile ya makadirio ya bei ya tangazo juu ya ukurasa. Mtu akikubali kulipa ili mgeni mmoja abofye, kuna uwezekano mkubwa kwamba neno hilo huleta wanunuzi.

Ambapo Planner inajilipa kabisa ni kwenye swali la lugha. Weka "incubator", "bei ya incubator" na "mashine ya kutotolesha mayai" kwa pamoja, chagua Tanzania, angalia. Kisha badilisha iwe Kenya. Mkenya mwenye nia ya kununua mara nyingi huandika Kiingereza kitupu, kuanzia jina la kifaa hadi jina la nchi. Mtanzania huliingiza neno la Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili: "bei ya incubator", "jinsi ya kutumia incubator". Kama unauza pande zote mbili za mpaka wa Namanga, hizo ni kurasa mbili tofauti, na ukurasa mmoja uliochanganywa utakwama kotekote.

Google Trends haitoi idadi hata kidogo. Inachora mstari kutoka 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha kipindi ulichochagua, na inalinganisha hadi maneno matano. Data yake inarudi nyuma hadi 2004. Kosa la kwanza la kuepuka ni kuiacha kwenye dunia nzima: "kuku" kwa dunia nzima inakuchanganyia na Kuku FM, programu ya kusikiliza vitabu na hadithi ya Wahindi. Weka Tanzania. La pili ni kuipa neno jembamba. "Vifaranga vya kroila Morogoro" itakurudishia mstari uliolala chini au taarifa kwamba data haitoshi. Ipe neno nene kama "vifaranga" uone msimu.

Maana kazi ya Trends ni msimu, jambo ambalo safu ya wastani ya Planner hulifukia. Kuku wa nyama huchukua wiki tano hadi sita kufikia uzito wa kuuzwa, hivyo anayelenga Krismasi lazima awe ameingiza vifaranga bandani mapema Novemba, na ametafuta bei kabla ya hapo. Ukurasa wa vifaranga vya nyama unaochapishwa Desemba 10 umechelewa mwaka mzima. Kwa Idi hesabu ni hiyo hiyo, ila tarehe hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usome mstari wa Trends ukiwa na kalenda ya Hijria pembeni. La sivyo utaona vilele vinavyohama ukadhani soko limeyumba.

Ukilazimika kuchagua kimoja: unayepanga kulipia matangazo au kuuza nchi mbili, Planner. Unayeuza kitu chenye msimu, Trends. Mwenye duka la vyombo vya maji vya kuku, bidhaa inayouzika mwaka mzima ndani ya nchi moja, anaweza kuviruka vyote viwili asipungukiwe na kitu cha maana.

Search Console, na kwa nini naiweka mbele

Vyombo vingine vinakisia watu wanaweza kutafuta nini. Search Console inakuonyesha waliotafuta nini hadi tovuti yako ikatokea mbele yao: neno lenyewe, mara ilizoonekana, mibofyo, na nafasi ya wastani. Ni bure, inahifadhi miezi 16, inachuja kwa nchi na kwa ukurasa. Sharti lake ni uthibitishe kwamba tovuti ni yako, na iwe na kurasa zilizokwisha kuingia Google. Tovuti mpya itakaa miezi ya mwanzo ikionyesha sifuri na vumbi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakafunga ukurasa na kwenda kulipia chombo kingine.

Ngoja tuisome kwa karibu, kwa mfano wa kubuni. Tuseme safu zimepangwa hivi: "jinsi ya kutengeneza incubator" imeonekana mara 2,100, mibofyo 90, nafasi ya 6. Chini yake "bei ya incubator ya mayai 100", imeonekana mara 310, mibofyo 3, nafasi ya 14. Jicho linakwenda kwenye ile ya kwanza kwa sababu namba ni nene. Lakini anayetaka kujitengenezea mashine amekuja kuepuka kununua yako. Wa pili ana idadi ya mayai kichwani na anauliza bei. Amebakiza hatua moja afungue pochi, na wewe uko ukurasa wa pili ambako hafiki. Kazi ya wiki hii ni huyo. Fungua ukurasa wa mashine ya mayai 100, weka bei kwenye kichwa, andika umeme unaoliwa, dhamana, na mikoa unakotuma. Muundaji wa boksi na balbu muache aendelee kukutembelea, siku mashine yake ikishindwa kushika joto atakukumbuka.

Tatizo la tahajia nalo linatatuliwa hapa kuliko kwingine. Kwenye kichujio cha maneno, badilisha aina iwe ya ruwaza (regex), kisha andika:

incub|inkub|totoles|angul

Alama ile ya mstari wima maana yake ni "au". Kwa mara moja unapata kila aliyefika kwa incubator, incubeta, inkubeta, kutotolesha, kutotoleshea, kuangulia na hata huanguliwa. Fanya hivyo hivyo kwa kroila|kuroila|kuroiler. Sasa unajua kwa ushahidi ni umbo gani liende kwenye kichwa cha ukurasa na lipi litajwe mara moja ndani ya aya. Usiyarundike yote kwenye kichwa. Msomaji hukimbia tovuti inayomwita kwa majina sita.

Kuna na mambo ambayo Search Console pekee hukustua nayo. Mfano mzuri ni "dawa ya kideri". Kideri, ambao wengine huuita mdondo, husababishwa na virusi na hauna dawa ya kuutibu. Kuna chanjo tu. Mtaalamu wa mifugo akiandika ukurasa atauita "chanjo ya ugonjwa wa Newcastle" na atakuwa sahihi kabisa, na mfugaji hatauona, kwa sababu mfugaji kuku wakianza kupinda shingo anatafuta dawa. Ukurasa unaostahili kumpata unabeba neno lake, "dawa ya kideri", na sentensi ya kwanza inamwambia kwamba dawa haipo na kwamba kuku waliosalia wazima wapewe chanjo, kama ile ya I-2 ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Neno la mtafutaji likiwa na kosa la kitaalamu, lichukue kama lilivyo kisha mrekebishe kwa upole ndani.

Upungufu wake? Maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo jumla ya safu haitalingana na jumla iliyoandikwa juu. Usianze kutafuta mwizi. Orodha hukomea safu 1,000. Na kubwa zaidi, haijui chochote kuhusu bidhaa ambayo hujaiandikia ukurasa. Kama hujawahi kutaja bata mzinga popote, Search Console haitakuambia kwamba watu wanawatafuta. Kwa pengo hilo unarudi kwenye WhatsApp na mapendekezo.

Angalia pia kichujio cha nchi, hata kama unauza Tanzania pekee. Ukiona Oman au Uingereza inajitokeza kwenye maneno ya bei, huenda ni mtu anayetafuta mradi wa kumfungulia mama yake kijijini. Huyo anataka ukurasa unaoeleza jinsi ya kulipia akiwa nje na nani atapokea mzigo.

Ahrefs na Semrush

Hivi ndivyo vyombo vya kulipia vya kuchunguza maneno na washindani. Vifurushi vyake kamili vinazidi dola 100 kwa mwezi, ambazo ni kama robo milioni ya shilingi za Tanzania, na hulipwa kwa kadi. Wanachouza wenye vyombo hivyo kina thamani: unaingiza tovuti ya mshindani wako na kuona maneno yanayomletea wageni. Google haikupi hilo bure popote.

Ila soma namba zao kwa Kiswahili ukiwa umekunja uso. Idadi ya utafutaji wanayoonyesha ni makadirio, na makadirio huwa na nguvu pale penye data nyingi. Neno likionyeshwa kuwa na utafutaji 0 Tanzania, si ushahidi kwamba hakuna anayelitafuta; nenda Search Console uone kama halijakuletea watu. Alama ya ugumu ya Ahrefs nayo huhesabiwa kwa kuangalia tovuti ngapi zinaunganisha kwenye kurasa kumi za juu. Kurasa za Kiswahili huunganishwa kwa nadra, hivyo maneno mengi yatakuja na alama ya chini kabisa, rahisi kwa magumu yakiwa kundi moja. Alama isiyotenganisha haikusaidii kuchagua. Kinachotenganisha ni kuyafungua matokeo yenyewe na kuyasoma: je, walio juu ni kurasa zilizojibu swali, au ni vipande vya mijadala ya zamani na tangazo lisilo na bei?

Semrush au Ahrefs, basi? Kwa mwenye tovuti ya Kiswahili tofauti yao haina uzito wa kukunyima usingizi. Ahrefs ina huduma ya bure kwa tovuti unayoimiliki, inayoonyesha makosa ya kiufundi na viungo vinavyokuelekea; jiandikishe hiyo hata leo. Ubersuggest, chombo kingine cha aina hiyo, ni nafuu kuliko vyote viwili, na kwa Kiswahili nimeiona ikirudia mapendekezo ya Google ambayo ungeyapata mwenyewe kwa dirisha la faragha.

Kulipia kuna maana kwa muuza kuku wetu siku atakapofungua kurasa za Kiingereza kwa ajili ya soko la Kenya, ambako atakutana na washindani wenye tovuti zilizojengwa kwa miaka. Hata hapo, alipe mwezi mmoja tu. Aandae kabla orodha ya washindani watano, siku ya kwanza apakue maneno yao yote kwenye jedwali la Excel, achuje yenye bei, ukubwa na majina ya miji, kisha asitishe usajili siku hiyo hiyo, kabla kadi haijakatwa mara ya pili.